Waliaga 2008, wakaaga 2013: je, niende kuwaona wakiaga tena?

SAFU YA MAMA KANDA

Mbukwenyi wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia barua ya kijana wa hapa Dodoma anayeuliza kama ni busara kutumia akiba yake kwenda Ulaya kuiona Ministry, bendi ya Marekani inayostaafu, ya ule muziki wa kelele za vyuma na mashine unaoitwa wa viwandani. Sikumjibu, niliomba kwanza ninyi mseme. Mmesema! Leo naichapa barua yake yote, pamoja na mbili kati ya zile zilizogombana kwa ajili yake, kisha nami nitoe langu.

BARUA YA FUNDI

Shikamoo Mama Kanda. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Chang'ombe, Dodoma, nina miaka 31. Tunatengeneza mageti, grili za madirisha na matoroli. Nilipokuwa bado msaidizi, fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na flashi yenye nyimbo za Ministry, bendi ya Chicago. Tukiwasha grinda, naye anafungulia redio mpaka mwisho. Nilidhani ananiudhi makusudi. Baada ya miezi mitatu nikawa mimi ndiye ninayeiomba ile flashi.

Sasa kiongozi wao, Al Jourgensen, amesema albamu inayofuata ndiyo ya mwisho, na baada yake bendi inafungwa. Dada yangu ameolewa Leipzig, Ujerumani. Amesema wakipita huko kuaga atanilaza na kunilisha, ila nauli ni juu yangu. Nina akiba ya shilingi 4,200,000. Nilikuwa naiweka ninunue mashine kubwa ya kuchomelea na jenereta, maana mpaka leo nakodi kwa shilingi 15,000 kwa siku. Vyote viwili vinanitaka kama 3,800,000.

Karakana tumegawanyika. Mmoja anasema nenda, mashine utainunua hata ukiwa mzee. Mwingine anasema huyo bwana ameshaaga mara mbili akarudi, ataaga na ya nne. Mke wangu amenyamaza, na kunyamaza kwake nakujua. Mama, nifanye nini?
Fundi, Chang'ombe

BARUA YA MWALIMU

Mama Kanda, mwambie huyo fundi atulie. Mimi muziki huo siujui kwa kusimuliwa, nimeusikiliza tangu nikiwa chuo cha ualimu. Mwaka 2008 Ministry walizunguka wakisema wanaaga, wakamalizia Dublin mwezi Julai. Niliumia kama nimefiwa. Mwaka 2011 wakatangaza wanarudi. Desemba 2012 mpiga gitaa wao Mike Scaccia akafariki, Jourgensen akasema albamu ya 2013 ndiyo ya mwisho kwa sababu bila Scaccia hakuna Ministry. Mwaka 2018 wakatoa nyingine. Mgeni anayeaga halafu anarudi kuketi, mwenyeji huacha kumsindikiza. Nasema hivi kwa sababu niliwapenda.
Mwalimu, Kondoa

BARUA YA DADA WA AREA C

Mama, mimi nilikuwa masomoni Leuven, Ubelgiji. Januari 2025 Front 242, bendi iliyoanza mwaka 1981 huko huko Ubelgiji, walifunga kazi yao Brussels, ukumbi wa Ancienne Belgique. Kutoka kwangu hadi Brussels ni nusu saa kwa treni. Mwenzangu wa bwenini alikuwa na tiketi ya ziada akanipa bure. Nilikuwa na mtihani wiki iliyofuata, nikamwambia aniachie, nitawaona siku nyingine. Alirudi usiku wa manane amelowa jasho, hana sauti, akakaa sakafuni kwenye korido analia na kucheka. Mtihani nilifaulu. Somo lenyewe lilihusu nini, sasa hivi ukiniuliza sikumbuki. Huyo fundi aende.
Dada, Area C

MAMA KANDA ANAJIBU

Marahaba mwanangu fundi. Nianze na mwalimu, kwa sababu aliyoyasema ni ya kweli na sipendi uyaruke.

Ni kweli Jourgensen amekwisha kuaga mara mbili. Wala si yeye peke yake. Throbbing Gristle wa Uingereza, wale ambao lebo yao ya mwaka 1976, Industrial Records, ndiyo iliyoupa muziki huu jina la muziki wa viwandani, walitangaza mwaka 1981 kwamba kazi yao imekwisha. Mwaka 2004 wakarudi. Trent Reznor wa Nine Inch Nails alizunguka mwaka 2009 akiaga majukwaa, na kufika 2013 alikuwa juu ya jukwaa tena. Kwa hiyo mtu akikuuzia tiketi kwa neno "mwisho" tu, neno hilo usililipie hata senti. Hapo mwalimu na mimi tuko pamoja.

Tunaachana hapa. Mwalimu, angalia tena mwaka ule wa 2012 uliouandika wewe mwenyewe. Ministry wamerudi, watu wamewanunia kama ulivyowanunia wewe, wanasema wametudanganya. Katika ziara ile ya kurudi, ile ambayo haikuwa na neno la kuaga popote, mpiga gitaa alikuwa Mike Scaccia. Walipiga hadi kwenye tamasha la Wacken, Ujerumani, kiangazi cha mwaka huo. Desemba akiwa Fort Worth, Texas, jukwaani na bendi yake nyingine, Rigor Mortis, moyo ukamsimama. Alikuwa na miaka 47. Waliokwenda Dublin mwaka 2008 kuaga waliaga kitu ambacho hakikufa. Waliokwenda 2012 kumsikiliza Scaccia akiwa na Ministry, hao ndio waliomuaga mtu, na hawakujua. Nao waliokataa kwenda kwa hasira ya 2008 wamemkosa moja kwa moja.

Nayajua maumivu hayo kwa jina. Wengi wenu mnafahamu kwamba nilikuwa na duka la kurekodi kanda karibu na soko la Majengo kwa miaka ishirini, ndiyo maana mnaniita hivyo. Katika sauti zote nilizozihamisha kutoka kanda moja kwenda nyingine, sauti ya Mzee Muhidin Maalim Gurumo ndiyo niliyoijua kuliko ya kaka zangu. Alianza na NUTA Jazz mwaka 1964, akawa miongoni mwa waliouasisi Mlimani Park mwaka 1978, akarudi tena kwa Msondo, ile ile NUTA kwa jina jipya. Wateja walikuwa wanakuja hata hawataji wimbo, wanasema tu "nipe ile ambayo mzee anaingia baadaye", na mimi najua. Mwaka 2013 akatangaza kustaafu. Nauli ya basi kwenda Dar es Salaam nilikuwa nayo. Wanangu walikuwa wakubwa, duka nilishalifunga, hakuna kilichonizuia. Nikasema mzee yupo, wanamuziki wa dansi hawastaafu kweli, nitamkuta Jumapili moja amekaa pembeni anapewa kipaza sauti. Aprili 2014 akafariki dunia. Nilimsikiliza maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akisimama na kuimba, hata mara moja. Huwa sisemi hivi kwa watu, lakini wewe umeniuliza kwa moyo, na mimi nakujibu kwa moyo.

Sasa muziki wenyewe. Wasomaji kadhaa wameniandikia kwamba Mgogo wa Chang'ombe hana lake kwenye kelele za Chicago. Hao nawakatalia kabisa.

Mwaka 1989 aliingia dukani mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa kwenye mradi wa maji, akaniachia kanda yake nimtolee nakala kwa sababu ya kwake ilikuwa imeanza kulegea. Nikaiweka kwenye deki. Ikatoka sauti ya kukwaruza, ya mgongo wa bati, halafu kishindo, halafu kitu kama drili. Nikaizima haraka. Nilifikiri ni vumbi. Mnajua Dodoma mwezi wa saba upepo unavyoingiza vumbi mpaka ndani ya sukari. Kichwa cha deki kikishika vumbi, kanda hulia vibaya. Nikachukua pamba na spiriti nikakisafisha. Nikaiwasha, kelele ile ile. Nikasafisha tena, na ile roda ya mpira inayovuta kanda nayo nikaifuta. Ile ile. Mara ya tatu nikaweka kanda ya Msondo kujaribu, ikatoka safi kama maji ya Ntyuka. Nikarudisha ya Mjerumani, bati na drili.

Alipokuja kesho yake nikamwambia kanda yako imeharibika, sikutozi. Akatabasamu, akasema haijaharibika, mama, hao ndio wanavyopiga. Ni Einstürzende Neubauten, kundi la Berlin Magharibi lililoanza mwaka 1980. Hawakuwa na fedha za ngoma, akasema, wakaokota vyuma chakavu na springi, wakapiga hivyo hivyo. Jioni ile nikaiweka tena, nikakaa kusikiliza bila kusafisha chochote. Nyuma ya duka langu walikuwapo wahunzi waliokata mapipa wakitengeneza majiko ya mkaa, na walikuwa hawajafunga kazi. Nyundo zao zikaingia katikati ya kanda. Kuna mahali nikashindwa kutofautisha ya Berlin ni ipi na ya Majengo ni ipi. Nilikuwa nimezisikia nyundo zile kila siku kwa miaka mitatu, nikizikasirikia kwa sababu zinaharibu rekodi zangu, na siku ile ndiyo nilizisikiliza kwa mara ya kwanza. Yule mzee wa upande wa kushoto alikuwa anapiga mbili nzito, moja nyepesi, anapumzika, mbili nzito. Hakukosea hata mara moja mpaka jua likazama.

Kwa hiyo wewe unayeshinda na grinda mkononi usiambiwe umeiga cha watu. Pengine unausikia muziki huo vizuri kuliko kijana wa mjini kule anayeusikiliza kitandani.

Swali lako la kweli ni hili: utakapofika, utamkuta nani? Hilo ndilo ningeliuliza mimi kabla ya kuuliza kama ni mara ya mwisho. Kama ungekuwa unaitafuta Ministry ya mwaka 1989 na 1990, ile ya wapiga ngoma wawili, Bill Rieflin na Martin Atkins, na uzio wa wavu wa chuma umesimamishwa mbele ya jukwaa kati ya bendi na watu, ningekuambia kaa nyumbani. Haipo. Rieflin alifariki mwaka 2020. (Najua wewe fundi wa mageti ule uzio ungeukagua kwanza viungo vyake ndipo usikilize wimbo.) Utakayemkuta ni mzee aliyezaliwa Havana mwaka 1958, mwenye sauti iliyochakaa. Mzee huyo kwa miaka mingi alizikana nyimbo zake za mwanzo, zile za mwaka 1983 za kinanda na kudansa, akisema hazikuwa zake. Mwaka 2025 amezirudia, amezirekodi upya kwa mkono wake. Na hiyo albamu ya mwisho amesema anaitengeneza na Paul Barker, aliyeondoka kwenye bendi mwaka 2003 baada ya kukaa naye tangu miaka ya themanini. Mtu anayepatana na alichokikana na kumrudia mwenzake waliyeachana, huyo mimi kidogo namsadiki anaposema anafunga. Kama si hivyo, na akarudi tena mwaka 2032, wewe utakuwa umemwona, na pengine Barker akiwa pembeni yake. Hicho hakuna atakayekunyang'anya.

Kwa hiyo kwangu mimi jibu ni nenda. Lakini fedha ya mashine usiiguse.

Kaa chini na kalamu. Unakodi kwa 15,000 kwa siku. Ukifanya kazi siku 25 kwa mwezi, unamlipa mwenye mashine 375,000 kila mwezi. Nunua mashine na jenereta mwezi huu, wala usisubiri mwisho wa mwaka. Utabaki na 400,000. Kisha endelea kulipa ile 15,000 kila jioni kama vile bado unakodi, ila sasa uiweke kwenye akaunti ambayo kadi yake unamkabidhi mkeo. Miezi minane tu itakupa 3,000,000. Hiyo ndiyo safari yako. Toa mafuta ya jenereta na fimbo za kuchomelea kwenye mapato mengine, usidokoe humo. Albamu yenyewe ndiyo kwanza anaitengeneza, na ziara ya kuaga hufuata albamu, hivyo muda unao. Kama itatangulia kabla ya miezi minane, usikope. Niandikie tuzungumze upya.

Mkeo usimpelekee tiketi. Mpelekee hesabu hii. Mwanamke anayenyamaza mara nyingi anahesabu, na huenda kinachomuuma si bendi, ni kuona mashine mliyoiota pamoja inakwenda na ndege. Akiiona mashine imesimama karakana, utaweza kumwambia habari za Leipzig na akakusikiliza.

Wakati unaweka akiba, tengeneza karatasi zako, maana hizo ndizo zinazowaangusha vijana wetu. Pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya nchi za Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Maombi hupelekwa mapema kwa muda usiozidi miezi sita kabla ya safari, na usichelewe hadi zikabaki siku chini ya 15. Utahitaji bima ya safari inayofikia angalau yuro 30,000, taarifa ya benki, na dada yako aende ofisi ya wageni ya mji wake achukue ile hati rasmi ya kumdhamini mgeni. Kubwa wanalotaka kuona ni kwamba utarudi. Hapo mashine itakusaidia tena: leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, risiti ya vifaa vilivyo kwa jina lako. Fundi mwenye karakana yake ana sababu ya kurudi nyumbani kuliko fundi anayekodi. Na ndege usiilipie kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti. Ubalozi uko Dar es Salaam; siku hizi treni ya umeme inakufikisha asubuhi na kukurudisha jioni.

Jambo moja zaidi kuhusu Leipzig, pengine dada yako halijui kwa kuwa si mtu wa muziki huo. Kila mwaka wakati wa Pentekoste, tangu 1992, mji ule hukusanya maelfu ya wapenzi wa muziki wa giza na wa viwandani kwa siku kadhaa, kwenye kumbi za mji mzima. Bendi nyingi kwa mkupuo. Ukiweza kupanga safari iangukie karibu na hapo, hata Ministry wakiahirisha hutarudi Chang'ombe mikono mitupu.

Tiketi anunue dada yako, kwenye ukurasa wa bendi au wa ukumbi wenyewe. Ukitumiwa ujumbe na mtu usiyemjua kwamba ana tiketi za bei nafuu, mfute.

Mwalimu wa Kondoa, wewe nimekujibu humo humo, lakini naongeza hili. Uliandika kwamba mwaka 2008 uliumia kama umefiwa. Mtu hawezi kuumia hivyo kwa kitu cha biashara tu. Ulimpenda, akakuangusha, na hasira yako ni ya haki. Ila usiipeleke kwa fundi. Yeye mwaka 2008 alikuwa mtoto wa shule, hajadanganywa na mtu.

Na dada wa Area C, pole sana mwanangu. Wewe na mimi tunajuana.

MASWALI MENGINE YA MEZA HIYO HIYO

Msomaji wa Singida anauliza: "Mama, ni kweli muziki huo unaua masikio? Mwanangu anausikiliza na spika mbili karibu na kichwa."

Ni kweli, na hata taarabu inaua ukiifungulia hivyo. Kipimo kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, kinasema sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila sauti ikipanda kwa 3, muda unakatika nusu. Ikifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu, na onyesho la bendi za namna hii linavuka hapo. Grinda ya fundi wetu nayo haiko mbali na hapo. Fundi, hili ni lako pia. Nunua vizibo vya masikio vya kazi, vile vya povu unavyovisokota kwa vidole, unaviingiza na kuvishikilia mpaka vitanuke. Pamba haitoshi. Vivae karakani kuanzia kesho, na uende navyo Leipzig. Sauti ya bendi haipotei, inapungua makali tu, na besi utaendelea kuisikia kifuani. Yule mhunzi wangu wa upande wa kushoto, aliyekuwa hakosei, miaka yake ya mwisho alikuwa hasikii akiitwa jina. Ulikuwa unamgusa bega.

Mwanafunzi wa UDOM anauliza: "Kuna haja gani ya kusafiri wakati maonyesho yote yanarekodiwa na kuwekwa mtandaoni, tena kwa picha safi?"

Mwanangu, mimi niliishi kwa kuuza rekodi, sitazitukana. Lakini sikiliza. Nimetoa nakala nyingi za kanda za Dakta Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyeipeleka duniani ilimba, ala yetu ya ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole, Mungu amrehemu, alifariki mwisho wa mwaka 2003. Nilidhani naijua ilimba. Halafu siku moja nikakaa kwenye tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, mkekani, hatua mbili kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anapiga. Ubao wa ilimba una tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Vidole vikigusa vyuma, utando ule unatetema, na kila sauti inatoka na mvumo wake pembeni, kama nyuki aliye ndani ya kibuyu. Mvumo ule sikuwahi kuusikia dukani. Nikarudi nyumbani nikaitafuta kanda, nikasogeza sikio kwenye spika. Ulikuwapo kwa mbali sana, nami miaka yote niliudhani ni kanda inachakaa. Nilikuwa nikiupunguza kwa kitufe!

Wakati mwanamuziki yuko hai na nauli unayo, usiridhike na picha safi.

Msomaji wa Mpwapwa anauliza kama Ministry watakuja Tanzania. Sijaona tangazo lolote la hivyo.

Fundi wa Chang'ombe, nimekuachia la mwisho. Yule mhandisi alichukua nakala yake na kanda mbili za Msondo, akaniachia ile ya kwanza, akasema nimeisafishia deki mara tatu kwa hiyo nimeilipia. Ninayo mpaka leo, kwenye kasha la plastiki lililopasuka kona, jina limeandikwa kwa wino wa bluu. Deki yangu bado inazunguka. Jumamosi yoyote baada ya saa tisa niko nyumbani. Wahariri watakupa namba yangu. Njoo na mkeo. Ukishanunua mashine, njoo pia na kipande cha bomba na nyundo, nataka kusikia unavyopiga.